Mwalimu Aliyetaja Jina la Baba Mkwe

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa masanduku ya kura yalikuwa yamekwisha kupanda hadi milimani, palikuwa na bonde liitwalo Kwemshindo. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina watu watatu na karatasi moja, na mwisho wake mtanisaidia ninyi, maana mimi umenishinda.

Bonde hilo liligombewa. Watu wa juu walisema ni lao, watu wa chini walisema ni lao, na mto uliopita katikati haukumsikiliza yeyote. Watu wa juu walikuwa Chama cha Mtungi. Walitaka maji ya mto yabaki kwenye mashamba ya juu. Watu wa chini walikuwa Chama cha Kinu. Walitaka mfereji uchimbwe, maji yateremke hadi kwao. Na bonde zima lilikuwa na kiti kimoja tu katika Baraza la Jimbo, na kituo kimoja tu cha kupigia kura.

Mara tatu walipiga kura na mara tatu ziliharibika. Mara ya kwanza kituo kilichomwa moto. Mara ya pili karatasi zilihesabiwa ndani ya chumba kilichofungwa, na zilipotoka zilikuwa zimezaliana. Mara ya tatu watu walipigana hata kabla sanduku halijafunguliwa. Na kila uchaguzi ulipoharibika, Mkuu wa Jimbo aliteua mjumbe amtakaye, na bonde likakaa miaka mitano likisemewa na mtu asiyejua hata mto wao unavukwa wapi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mara ya nne, wazee wa juu na wa chini walikaa pamoja, wakadai sheria ya kuwalinda, wakapewa. Sheria ilisema hivi: kura zihesabiwe uwanjani, mchana, mbele ya watu wote. Msimamizi wa kituo, yeye na si mwingine, ainue kila karatasi na kutaja kwa sauti jina la aliyepigiwa. Wakala wa kila chama aitikie, "Nimesikia." Karatasi ambayo jina lake halikutajwa si kura. Kura zikilingana, Mkuu wa Jimbo atateua. Na jua likizama kabla ya hesabu kwisha, uchaguzi umeharibika.

Sheria nzuri. Ila waliodai walikuwa wanaume watupu, na walisahau jambo ambalo mwanamke yeyote wa Kwemshindo angewakumbusha.

Katika bonde lile, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji jikoni, halitaji kisimani, halitaji hata kama ni la mtu mwingine kabisa. Baba mkwe akiitwa Juma, jirani aitwaye Juma naye atatafutiwa jina la kupanga. Mwanamke akilitaja hadharani, ametoka nje ya nyumba. Hapiki katika jiko la nyumba ile, hanywi maji ya mtungi wake, na neno lake halishuhudii jambo lolote mbele ya wazee.

Basi Serikali ikaleta barua. Msimamizi wa kituo ni Mwalimu Nakiete, anayefundisha hesabu katika shule ya bonde. Mchapakazi, mkweli, hana chama. Huko mjini nani angefikiria kumwuliza mwalimu baba mkwe wake anaitwaje?

Wagombea walikuwa wawili. Wa Mtungi aliitwa Mndolwa. Wa Kinu aliitwa Sengondo. Na baba mkwe wa Nakiete, mhunzi aliyefua nusu ya majembe ya bonde, naye aliitwa Sengondo.

Nakiete alisoma majina hayo mawili kwenye barua, akakunja barua. Alitembea siku nzima hadi ofisi ya uchaguzi, akamwomba bwana mkubwa wa pale ampe mtu mwingine.

"Mwalimu, majina yameshatiwa saini," alisema yule bwana. "Nikikutoa wewe, chama kimoja kitasema nimekutoa kwa hila. Ni jina tu. Utatamka, yataisha."

"Ni jina tu," Nakiete alirudia, akashukuru, akaondoka. Njia nzima alimlaani kimoyomoyo, kisha akajilaumu, maana mtu hawezi kulaumiwa kwa mila asiyoijua. Mume wake alikuwa askari wa misitu mbali kule, na barua humfikia kwa majuma mawili. Hakuwa na wa kumshauri. Mama mkwe wake, Bi Namkunda, ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kila siku; na huyo ndiye hasa ambaye hangeweza kumwambia.

Siku ya kura ilifika. Watu mia nne ishirini na tisa walipiga kura tangu alfajiri hadi saa saba, wakakaa chini uwanjani, wa juu upande huu, wa chini upande ule, kamba katikati. Saa nane Nakiete alifungua sanduku. Kulia kwake alisimama wakala wa Kinu. Kushoto alisimama wakala wa Mtungi, mtu mmoja mkavu wa maneno aitwaye Kiangi. Kaka yake Kiangi ndiye aliyekufa mara ile ya kwanza, akijaribu kulitoa sanduku la kura motoni. Wote walijua hivyo. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Karatasi ya kwanza. "Mndolwa."

"Nimesikia."

"Nimesikia."

Karatasi ya pili. "Mndolwa." Wakaitikia. Karatasi ya tatu ilikuwa na alama kwenye picha ya kinu. Nakiete aliiinua juu watu wote waione. Akasema, "Yule wa Kinu."

Wakala wa Kinu akaitikia haraka haraka, "Nimesikia." Kiangi akanyamaza.

"Bwana Kiangi," alisema Nakiete.

"Sijasikia jina, mwalimu."

"Unajua ninayemsema."

"Najua. Na mwaka ule wa chumba kilichofungwa pia tulijua. Sheria inasema jina."

Watu wa chini walinguruma. Walimwona Kiangi ni nyoka, anataka kura zao zote zife kwa mila ya mwanamke mmoja. Na kweli zingekufa. Nakiete angenyamaza tu, Mtungi ungeshinda, au watu wangepigana, au jua lingezama, na bonde lingepewa mjumbe wa kupewa kwa mara ya nne. Aliwatazama watu mia nne waliokaa juani na vidole vyenye wino. Kati yao, mstari wa mbele, baba mkwe wake alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, na mama mkwe wake chini pembeni. Bi Namkunda alimtikisia kichwa polepole. Nakiete aliogopa kuliko siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alijua hivyo, akayamwaga.

"Sengondo," alisema.

Uwanja ulivuma. Bi Namkunda alisimama, akajifunga kanga yake kiunoni, akampa mkwewe mgongo na kuondoka. Wanawake kumi na watano wakamfuata. Waliobaki wakasukumana kuona, kamba ikakatika, meza ikayumba, na karatasi iliyofuata, ambayo Nakiete alikuwa ameshaifungua, ikateleza ikaanguka. Hakuna aliyeona. Mhunzi hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Nimesikia," alisema Kiangi.

Basi wakaendelea. Mndolwa. Nimesikia, nimesikia. Sengondo. Nimesikia, nimesikia. Sengondo. Sengondo. Mndolwa. Mara ya kumi jina lile lilimkwaruza koo. Mara ya hamsini lilikuwa neno kama maneno mengine. Mara ya mia alianza kulia, akaendelea kusoma huku analia, na hakukosea hata moja. Niambieni, ni watu wangapi mnaowajua wanaoweza kubomoa nyumba yao wenyewe tofali kwa tofali, na bado wahesabu matofali sawasawa?

Hesabu ilifika mwisho. Mndolwa mia mbili na kumi na nne. Sengondo mia mbili na kumi na nne.

Zimelingana. Mkuu wa Jimbo atateua. Na kila mtu alijua atamteua Mndolwa, maana walisoma darasa moja. Wa juu walianza kushangilia. Nakiete akainua mkono.

"Waliopiga kura ni mia nne ishirini na tisa," alisema. "Hapa zipo mia nne ishirini na nane. Moja haipo."

Wakatafuta. Walilipindua sanduku, waliinua meza, walikung'uta vitambaa. Jua lilikuwa limeshaelekea mlimani. Watu wote walihangaika, isipokuwa Kiangi, aliyesimama pale pale alipokuwa amesimama tangu saa nane. Nakiete alimtazama miguu. Kisha alimtazama usoni. Hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na hakika, na mtu mwenye kaka kama yule hasingiziwi.

Kiangi alivuta pumzi.

"Mwalimu," alisema, "iko hapa." Akainua mguu.

Karatasi ilikuwa imekunjuka chini ya ndara yake, na alama ilikuwa kwenye picha ya kinu. Nakiete aliiokota, akaipangusa vumbi, akaiinua juu.

"Sengondo."

"Nimesikia," alisema wakala wa Kinu.

"Nimesikia," alisema Kiangi.

Mngedhani yameisha. Hata kidogo. Vijana wa Mtungi waliruka kamba iliyokatika. Walimwita Kiangi msaliti, wakamvua kofia. Na mzee mmoja wa juu, mjuzi wa mila, mwenye hoja kali, akapaza sauti.

"Mwanamke huyu ametoka nje ya nyumba saa nane mchana, na wote tuliona. Neno la aliyetoka nje ya nyumba halishuhudii kitu. Basi yote aliyoyatamka baada ya hapo si kitu. Uchaguzi huu haukuhesabiwa."

Na hoja ile ilikuwa na miguu, ndugu zangu. Hata watu wa chini walitazamana. Wengine walikuwa wameshaanza kuinama kutafuta mawe. Nakiete alisimama na karatasi mkononi, akaona kuwa ametoa nyumba yake bure.

Hapo ndipo mhunzi aliposimama. Alikuwa mtu wa maneno machache kuliko hata Kiangi. Kazi ya kugonga chuma humzoesha mtu kutosikilizwa. Alichukua kigoda chake, akakigeuza, miguu mitatu juu, akakiweka chini mbele ya watu.

Wazee walishika vinywa. Katika bonde lile kigoda hugeuzwa siku ya kufa mwenyewe.

"Majina tunaazimwa na waliotutangulia," alisema mhunzi. "Mtu akilirudisha jina kwao, inahesabiwa kwamba hakuazimwa kamwe. Ndivyo mila inavyosema, au nimesahau?"

"Ndivyo," alisema yule mjuzi, bila kupenda.

"Basi nimerudisha. Mimi si Sengondo. Sikuwahi kuwa Sengondo. Leo hapa palitajwa jina la mgombea wa Kinu tu, na mwalimu hakumtaja baba mkwe wake, kwa kuwa baba mkwe wake hana jina."

Yule mjuzi akakaa chini. Mtu aliyerudisha jina hasemi tena katika kikao cha ukoo. Akifa, hatatajwa pombe ya tambiko inapomiminwa. Mhunzi alikuwa na miaka sabini na miwili, na alilitoa jina la miaka yote hiyo kwa sentensi tatu. Nakiete alitaka kumpigia magoti. Mila haimruhusu mkwe kumkaribia kiasi hicho, kwa hiyo alibaki amesimama, akasaini fomu.

Mndolwa, mgombea aliyeshindwa, alivuka kamba, akamshika mkono Sengondo wa Kinu, akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Huyo naye muungwana, ila leo simhesabu, maana wengi wangefanya hivyo baada ya kuona kigoda kile. Jua likazama. Kwa mara ya kwanza bonde la Kwemshindo lilikuwa na mjumbe liliyemchagua lenyewe.

Sengondo alikwenda Barazani, akasema, akapiga kelele, akarudi na kibali cha mfereji. Kwa viangazi viwili watu wa juu na wa chini walichimba, wa juu wakinung'unika lakini wakichimba, wakaachiwa zamu yao ya maji ya asubuhi. Mfereji ukaisha. Ukabaki kupewa jina.

Na mfereji, kwa watu wale, huitwa kwa jina la mtu, na jina huwa moja. Hii si fahari ya bure. Kila mwezi mfereji husafishwa, na siku hiyo msimamizi wa maji hupanda juu ya tuta na kuita jina la mfereji, na kila mwenye jembe hutoka. Jina likiwa la mtu mwenye heshima, watu hutoka. Likiwa la hivi hivi, hulala. Majina mawili yangeleta makundi mawili, na makundi mawili Kwemshindo walikuwa wameshayachoka.

Mheshimiwa Sengondo alidokeza kidogo kwamba labda litumike la kwake. Watu walicheka hadi akacheka naye, akakaa. Wote walikubaliana kuwa mfereji ni wa mmoja kati ya watu watatu, wakawaita waseme.

Kiangi alisema kwanza. "Mimi nautaka. Sitajifanya sitaki. Mnasema nilimlazimisha mwalimu. Nilimlazimisha. Ningemwachia aseme 'yule wa Kinu', leo wale waliosema hakuhesabu wangekuwa na haki. Na ile karatasi, tangu jina la mia nilijua iko chini ya mguu wangu, na alama yake niliiona. Mwalimu alitaja jina kwa kuwa kazi yake ilimtaka. Mzee alitoa jina kwa ajili ya mtoto wa nyumba yake. Mimi hakuna aliyeniona, hakuna aliyenitaka, na niliwapa ushindi watu wasio wangu. Wa juu hawaniiti kwenye harusi hadi leo. Kaka yangu alikufa kwa ajili ya sanduku, na sanduku halikutoka. Mimi langu limetoka."

Wakamgeukia mhunzi. Akatikisa kichwa, asiye na jina hasemi kikaoni. Akasimama Bi Namkunda, mkewe.

"Nitamsemea mimi, na kama ni kosa nilaumiwe," alisema. "Bwana Kiangi amepoteza harusi. Mwalimu alipoteza jiko, na jiko alirudishiwa. Aliyemrudishia ni nani? Yeye na karatasi zenu na Baraza lenu, vyote viliokolewa na huyu mzee. Wengine wawili walifanya, lakini bila kigoda kile kazi yao ingeliwa na mawe jioni ile ile. Nimekaa naye miaka hamsini. Sasa nikitaka kumwita shambani nasema 'wewe'. Atakufa, na wajukuu wake hawatakuwa na la kutaja. Mpeni mfereji. Uitwe Mhunzi basi, akipata hata hilo."

Watu waliinamisha vichwa. Wengi walidhani Nakiete atasema, mpeni mzee, nami nimeridhika. Ndivyo mkwe mwema anavyosema. Nakiete mwenyewe alikuwa amelala na maneno hayo siku tatu, na kila alipoyatamka kimoyomoyo aliyaona ya uongo.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama," alisema. "Na mimi nautaka. Baba alitoa jina lake jioni, alipokuwa ameshaona kuwa lina faida. Bwana Kiangi aliinua mguu wake jioni, naye akijua anachokitoa kitafika. Mimi nilisema saa nane. Sikujua kama kuna atakayeniokoa. Sikujua kama hesabu itaisha. Nilikuwa wa kwanza, na wa kwanza huruka bila kuona chini. Na Mama, jiko nilirudishiwa, ni kweli, na mzee nampenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi. Lakini tangu siku ile hujala ugali wa mkono wangu."

Bi Namkunda alitazama mikono yake.

Wazee walikaa siku nne. Wengine walisema bila wa kwanza hakuna wa pili. Wengine walisema aliyetenda wema kwa adui amempita aliyetenda kwa wake. Wengine walisema jengo ni la aliyeliezeka, si la aliyechimba msingi. Maji hayakuwangojea, yaliachiwa, yakateremka, yakafika chini, na mahindi ya watu wa chini yakaota kwa maji ya mfereji wa mtu asiyejulikana.

Sasa ni asubuhi ya kwanza ya kusafisha. Tope limejaa, maji yanapita kwa shida. Msimamizi wa maji amepanda juu ya tuta na kuweka mikono mdomoni. Juu na chini, kila mtu yuko mlangoni na jembe begani. Kiangi yupo mlangoni kwake. Mhunzi yupo kwake. Nakiete yupo kwake, na safari hii ni yeye anayesubiri mtu mwingine ataje jina.

Nyinyi mliokaa hapa mmewasikia wote, na mmoja tu ndiye atakayeitwa. Je, nani alistahili?